Rubani Azima Injini

Siku treni ilipochelewa, ukumbi wa kusubiri ulikuwa na watu wengi kuliko viti, mizigo mingi kuliko watu, na soketi moja tu ya umeme inayofanya kazi. Soketi hiyo ilikuwa nyuma ya pipa la taka. Mtawala wake, kwa haki ya kufika mapema, alikuwa kijana mmoja mrefu aliyekaa sakafuni juu ya begi lake, shati la bluu limepigwa pasi upande wa mbele tu, laptopu mapajani.

Haikuwa laptopu ya kawaida. Ilikuwa laptopu ya gemu, nene kama matofali mawili, yenye kibodi inayowaka rangi zote za upinde wa mvua na feni mbili upande wa nyuma. Feni hizo ndizo zilizompa kijana jina. Akiiwasha kazini, wenzake walisema ndege inapaa. Akiiwasha nyumbani, shangazi yake alisema mashine ya kusaga imeanza. Marafiki, ambao hawakuwa na huruma, wakamwita Rubani, ingawa maisha yake yote hakuwahi kupanda hata ngazi ya ndege. Kwa kazi alikuwa mchoraji wa makabati ya jikoni katika karakana ya samani: mteja akija, Rubani humtembeza ndani ya jiko lake kwenye skrini kabla ubao wa kwanza haujakatwa. Kwa mapenzi alikuwa dereva wa magari ya mashindano, yale yasiyohitaji mafuta. Alipokuwa akijitetea kwa shangazi kwa nini ameinunua laptopu ile, aliitaja kazi kwa kirefu. Magari hakuyataja.

"Samahani kaka," sauti ilisema juu ya kichwa chake. "Hiyo helikopta yako inaweza kutua kidogo?"

Rubani akainua macho. Aliona raba nyeupe, gauni la njano lenye mifuko mikubwa, nywele zilizofungwa kwa kitambaa cha kijani, na uso wa mtu ambaye hakuja kuomba, amekuja kutoa taarifa.

"Ikitua inazima," alisema. "Betri yake imechoka. Nikiichomoa nimebakiza nusu saa ya kuishi."

"Wewe au yenyewe?"

"Wote wawili. Kuna mama mmoja anasubiri mchoro wa jiko lake, na si mama wa kuchezewa."

"Na mimi kuna mtu anasubiri sentensi."

Dada huyo alieleza shida yake haraka haraka, simu ikiwa mkononi. Kazi yake ilikuwa kutia sauti katuni za watoto. Kipindi kilikuwa kinatoka jioni ileile, sentensi moja imeharibika, na mwongozaji alitaka irudiwe kwa simu, sasa hivi, popote alipo.

"Nimezunguka ukumbi mzima," alisema. "Kelele za watu zinavumilika, zinafanana na soko, na kwenye hadithi kuna soko. Lakini mashine yako haifanani na kitu chochote duniani."

"Sentensi yenyewe ina urefu gani?"

"Pumzi moja."

Rubani akafunga laptopu. Feni zikalalamika kidogo, zikanyamaza, na ukumbi mzima ukaonekana kushusha mabega. Dada akageukia kona, akachomoa mtandio mfukoni, akajifunika yeye na simu yake, na kutoka chini ya mtandio ikaja sauti ya bibi kizee mwenye mafua: "Watoto wangu, leo mama yenu hatoki nje. Miiba imelowa."

Mtoto aliyekuwa akipita akadondosha biskuti. Mzee mmoja akashusha gazeti, akatazama huku na huku akimtafuta bibi.

"Huyo ni nani?" Rubani aliuliza.

"Nungunungu. Mama wa watoto watatu. Na hao watatu pia ni mimi."

"Familia nzima umeibeba peke yako."

"Na baba yao ni mimi, ila huyo hasumbui. Anakoroma tu."

Rubani alicheka mpaka begi likateleza chini yake. Kisha, kwa ukarimu ambao haukuwahi kuonekana katika historia ya soketi ile, akasogea, akampisha nafasi, akamchomekea simu. Treni ilipofika, simu ilikuwa na chaji, mama wa jiko alikuwa amepata mchoro wake, na Rubani alikuwa na namba mpya ambayo tayari ameihifadhi kwa jina la Nungu.

Mapenzi yakaanza, na kama mapenzi mengi ya zama hizi, yalikuwa na intaneti ndani yake. Simu ya Rubani ilikuwa kuukuu, ukiongea nayo unasikika kama uko ndani ya ndoo, kwa hiyo alimpigia Nungu kwa laptopu, hedifoni kichwani. Na kwa kuwa laptopu ilikuwa imeshawashwa, na hedifoni zimeshavaliwa, na gari limeshapashwa moto kwenye mstari wa kuanzia, Rubani hakuona ubaya wa kufanya mambo mawili kwa mpigo.

"Halo, Nungu wangu."

"Halo, Rubani. Umekula?"

"Nimekula. Hapa nakusikiliza wewe tu. Niambie siku yako."

"Leo mwongozaji amenifanya nilie kama kifaranga mpaka koo likakauka, halafu akasema kifaranga ameondolewa kwenye..." Nungu akasita. "Uko kona ya ngapi?"

"Kona gani tena, mpenzi?"

"Feni ilikuwa inanong'ona. Sasa inalia. Umeingia kwenye kona yenye vumbi na magari mengi. Rubani, mimi nashinda kwenye kibanda cha sauti. Nasikia mpaka mtu akivua soksi."

"Ya tatu," Rubani alikiri.

"Malizia. Nitasubiri. Ila usiniambie unanisikiliza mimi tu."

Mwanzoni alisema hivyo akicheka. Baadaye kicheko kikapungua. Ikafika siku alipokuwa akimweleza jambo lililokuwa likimnyima raha, kwamba sauti yake ilianza kukwaruza na aliogopa ndiyo mwisho wa kazi yake, na katikati ya maneno hayo feni zote mbili zikapaa kwa nguvu.

"Nenda kapae," Nungu alisema, akakata simu.

Rubani aliumia. Alikula kiapo mbele ya kioo kwamba Nungu hatasikia tena kelele ile. Mashahidi wa kiapo walikuwa yeye mwenyewe na mswaki. Sasa njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa kuifungua mashine na kuituliza. Ya pili ililetwa na rafiki yake wa mashindano, aliyeitwa Breki kwa sababu hakuwahi kuitumia.

"Kuna programu ya kuchuja kelele," Breki alimwambia. "Unaiacha isikilize feni dakika moja, inaikariri. Tangu hapo, chochote kinachofanana na feni inakifuta kabla hakijamfikia bibie. Wewe unaendelea na mbio, yeye anaendelea na mapenzi. Hakuna anayeumia."

Ulikuwa ujanja wa daraja lile la mwanafunzi wa bweni anayelaza mito chini ya blanketi, mlezi apite na tochi ahesabu kichwa. Rubani aliupenda mara moja.

"Leo kumetulia," Nungu alisema kwenye simu ya kwanza. "Umeitengeneza?"

"Nimeitengeneza."

Neno hilo lina herufi kumi na nne, na zote zilikuwa za uongo.

Jumapili moja alasiri, shangazi aliyemlea Rubani alileta wanakwaya wenzake nyumbani kujaribu sare mpya. Walikuwa wanawake sita wenye sauti za kujaza ukumbi, wakajaza sebule. Rubani angependa kuhamia chumbani, lakini soketi ya chumbani ilikuwa imeungua, na laptopu mbali na umeme ilikuwa samaki mbali na maji. Akabaki kwenye kiti cha pembeni, mzunguko wa mwisho, nafasi ya pili, mpinzani mmoja tu mbele, Nungu masikioni.

"Rubani," Nungu alisema, na sauti yake haikuwa ya Nungunungu wala ya mtoto wake yeyote. "Nataka kukwambia kitu bila kukizungusha. Nakupenda."

Gari la Rubani likaacha barabara, likavunja uzio, likatumbukia mtoni. Hakuligeukia. Alitazama sebule, akaona masikio ya wanakwaya, yote yakiwa yamezoea kunasa noti. Akainama, akakinga mdomo kwa kiganja, akanong'ona kwa moyo wake wote:

"Na mimi nakupenda. Nataka nikuoe, Nungu. Si kesho, ila si mbali."

Hapa inabidi ielezwe, kwa masikitiko, mnong'ono ni kitu gani. Mnong'ono ni hewa inayopita bila sauti. Na feni ni nini? Hewa inayopita bila kukoma. Ile programu, mfanyakazi mwaminifu asiyeuliza maswali, iliona hewa inakuja, ikaifuta.

Kule upande wa pili Nungu alisikia kimya. "Umenisikia?" aliuliza.

"Nimekusikia, mpenzi," Rubani alinong'ona, machozi yakimlengalenga. Hewa. Ikafutwa.

"Sawa, Rubani," Nungu alisema polepole. "Sawa."

Wakati huohuo shangazi alikuwa ameshachomoa waya wa laptopu. "Nakiazima kidogo kitundu cha kinu chako," alisema, "nataka kunyoosha sare." Betri, iliyokuwa imebebeshwa gemu zima peke yake, ikajikongoja kidogo, skrini ikawa nyeusi, na neno la mwisho lililobaki hewani likawa lile moja: sawa. Mmoja alilitamka kwa maana ya kwamba ameelewa, ameachwa njia panda, hataomba zaidi. Mwingine alilipokea kwa maana ya kwamba amekubaliwa kuoa.

Rubani akasimama katikati ya sebule. "Shangazi," alisema, "nimekubaliwa."

Kwaya ikaimba kwa sauti nne. Shangazi akaacha pasi, akaingia chumbani kuchagua kitambaa cha gauni la kwendea kwa wakwe.

Na Nungu? Nungu aliingia kwenye kibanda chake cha sauti, ambacho kilikuwa kabati la nguo lililozungushiwa mablanketi, akalia mahali ambapo jirani hawezi kusikia. Hiyo ni faida ya fani hiyo ambayo hakuna anayeitaja.

Siku zilizofuata hakupokea simu. Rubani hakuwa na wasiwasi hata chembe. Alijua, kwa hekima ya mtu asiyejua kitu, kwamba wachumba huona haya. Alitumia ukimya huo kuchora. Mwishowe, saa ya chakula cha mchana, akatokea studio anakofanyia Nungu kazi, akiwa amevaa shati lililopigwa pasi pande zote, mbele na nyuma, na karatasi kubwa imeviringishwa kwapani.

Nungu alikuwa amekaa ngazini, suruali nyeusi na blauzi ya kijivu, amevaa kama mtu asiyetaka kuulizwa habari.

"Nimekuletea jiko," Rubani alisema, akikunjua karatasi.

"La nani?"

"Letu. Dirisha nimeliweka upande wa jua. Hapa juu ni kabati la vikombe, nimelishusha kidogo ulifikie bila kupanda kiti."

Nungu aliitazama ile karatasi kwa muda. "Umekuja kunicheka?"

"Nikucheke? Si ulisema sawa?"

"Nilisema sawa kwa sababu wewe hukusema kitu."

"Mimi? Nilisema nataka nikuoe."

"Lini?"

"Palepale. Ukaniuliza kama nimekusikia, nikajibu nimekusikia."

Hasira ya Nungu ikasimama kando kidogo, utaalamu ukapita. "Hebu ngoja," alisema. "Kile kimya kilikuwa cha ajabu. Kimya cha kweli kina vitu ndani yake. Kuna kiti, kuna pumzi, kuna gari kwa mbali. Chako hakikuwa na kitu. Kilikuwa kama kimekatwa kwa mkasi." Akamkazia macho. "Rubani. Feni uliitengenezaje?"

Rubani alitazama viatu vyake, ambavyo siku hiyo vilikuwa vimepigwa rangi na vingestahili kutazamwa kwa furaha zaidi. Akasema yote: Breki, programu, dakika moja ya kukariri.

"Kwa hiyo nilipokuwa nakwambia, ulikuwa unacheza."

"Mzunguko wa mwisho."

"Ulishinda?"

"Nilitumbukia mtoni."

Kona ya mdomo wa Nungu ikacheza kidogo, akaidhibiti. "Hapo nimekusamehe robo. Sasa sikiliza. Kunong'ona si kosa, mbele ya shangazi hata mimi ningenong'ona. Lakini nilikwambia kelele yako inaniumiza. Hukuigusa. Uliniziba mimi masikio, halafu ukasema umetengeneza. Ukaja ukalipia kwa neno lililokuwa na thamani kuliko yote uliyowahi kuniambia, na sikulipata."

"Nitalisema sasa."

"Usiseme. Hapa sitakuamini." Alisimama, akapangusa suruali. "Jumamosi tunarekodi kipindi mbele ya watoto, ukumbi wa maktaba. Njoo na mashine yako. Kaa safu ya mbele, iwashe, fanya kazi yako ya kweli, bila kichujio, bila kuifunika na shuka. Nitakuwa na hedifoni masikioni muda wote. Nikiisikia hata mara moja, jiko lako umtafutie mtu mwingine."

"Na usipoisikia?"

"Tutaongea. Kwa sauti ya kawaida."

Kesho yake, saa ya mapumziko, Rubani aliilaza laptopu kifudifudi kwenye meza ya karakana, akashika bisibisi ndogo, akapiga moyo konde. Kifuniko kilipotoka hakukuta feni. Alikuta mto. Unga wa mbao wa karakana nzima ulikuwa umevutwa humo ndani, ukachanganyika na nywele na nyuzi, ukashindiliwa mpaka hewa haikuwa na mahali pa kupita. Zile feni maskini zilikuwa zikipiga kelele kama mtu yeyote angepiga akizibwa pua. Akazishika kwa kidole zisizunguke, akasafisha kwa brashi laini na upepo kidogo kidogo. Ile dawa nyeupe inayokaa juu ya prosesa, ubongo wa mashine, kupitisha joto ilikuwa imekauka kama chaki ya ubaoni. Akaifuta kwa spiriti, akapaka mpya, kiasi cha punje ya njegere. Halafu akachonga vipande viwili vya mninga vya kuiinua nyuma, ipate kupumua.

Akaiwasha. Ilikuwa na adabu zaidi, lakini gemu lilipoanza ikapaa tena. Hapo Rubani akakaa chini, akaisoma mashine yake kwa mara ya kwanza tangu aimiliki, na akaona aibu. Haikuwa na fujo kwa tabia. Ilikuwa imeamriwa. Ilichora picha mia na arobaini kwa sekunde ili gari moja lipite kwenye vumbi, wakati macho yake yangetosheka na chini ya nusu. Akaziwekea kikomo cha sitini. Akaizuia prosesa kurukaruka kwa nguvu zote kila ilipoguswa. Kadi kubwa ya picha akaiamuru ilale mpaka iitwe, kazi ndogondogo zifanywe na ndogo. Feni akazipangia upya, zianze mapema na polepole badala ya kungoja moto ufike shingoni ndipo zipige mayowe. Betri akaipangia kuishia asilimia themanini, isivimbiwe kila siku. Na ajabu ni kwamba mkono uleule ulioshusha kelele ndio uliorefusha chaji. Betri haikuwa imechoka. Ilikuwa imechoshwa.

Breki alipopata habari alisikitika kama amefiwa.

"Fremu sitini?" aliuliza kwenye hedifoni. "Wewe ni babu yangu?"

"Babu yako angekuwa anakushinda."

"Umeshusha fremu kwa ajili ya mwanamke."

"Nimeshusha joto."

"Ndivyo wanavyoanzaga," Breki alisema kwa huzuni. "Kesho utashusha sauti. Keshokutwa unapanda maua."

Wakapambana. Mpaka mzunguko wa kabla ya mwisho Breki alikuwa mbele. Kisha mashine ya Breki, iliyokuwa ikikimbia bila breki kama mwenyewe, ikapata moto, ikaanza kusuasua, picha zikija kwa kudra. Ya Rubani ilikuwa baridi, mwendo uleule iliyoanza nao. Akampita kwenye kona, kimyakimya, bila hata kumpigia honi.

"Nitumie hiyo mipangilio," Breki alisema mbio zilipokwisha. "Na usimwambie mtu."

Nyumbani shangazi alitega sikio mlangoni. "Kinu kimeharibika?"

"Kimepona, shangazi."

"Mbona hakisagi?" Akamtazama vizuri. "Na kwa wakwe, tunakwenda lini? Kitambaa nimeshakipeleka kwa fundi."

Rubani akalazimika kumweleza ukweli, kuanzia kichujio mpaka Jumamosi. Shangazi alisikiliza akiwa amejishika kiuno.

"Kwa hiyo uchumba wangu wote huu umetegemea pangaboi mbili."

"Ndiyo, shangazi."

"Nakuja. Siwezi kukaa nyumbani kusubiri matokeo kama ya mtihani."

Jumamosi ukumbi wa maktaba ulijaa watoto waliokaa kwenye mikeka, magoti yakigongana. Feni za dari zilizunguka polepole. Mbele kulikuwa na maikrofoni moja, kiti kimoja, na Nungu aliyevaa gauni la rangi ya zambarau lililomfika kwenye vifundo, hedifoni kubwa juu ya kilemba chepesi. Mezani, nyuma ya kompyuta ya kurekodia, alikaa mwongozaji, mwanamume mnene mwenye ndevu na subira fupi. Shangazi alichukua safu ya nyuma, na gauni jipya, maana fundi alikuwa amewahi.

Rubani alikaa safu ya mbele kabisa, hatua chache tu kutoka kwenye maikrofoni. Akaweka laptopu juu ya vipande vyake vya mninga, akafungua mchoro wa jiko wenye vioo, vivuli na taa kumi na mbili, mchoro mzito kuliko yote aliyokuwa nayo. Hakudanganya. Kila Nungu alipovuta pumzi kati ya sentensi, macho yake yalishuka kwenye ile mashine, na kila yaliposhuka Rubani aliligeuza jiko upande mwingine, mashine isikae bure.

Mama Nungunungu alikuwa amefika sokoni na watoto wake watatu wakati umeme ulipokatika.

Taa zikazima. Kompyuta ya kurekodia ikafa papo hapo. Na feni za dari zikasimama, zikachukua na ule mvumo wao, ukumbi ukabaki uchi. Mwongozaji akashika kichwa kwa mikono miwili. Ukumbi ulikuwa wao kwa siku hiyo tu, na watoto wale wasingekusanywa tena.

Rubani akasimama. "Yangu ina betri," alisema.

Mwongozaji akaitazama. "Hiyo yenye taa za disko? Hiyo ni ya gemu, kijana. Itanguruma mpaka nifunge mkanda."

Rubani hakuwa na haki ya kujitetea, na alijua. Watu wote wakamgeukia mwenye hedifoni.

Nungu akainyooshea kidole ile mashine. "Imekuwa mbele yangu tangu tuanze," alisema.

"Ilikuwa imewashwa?" mwongozaji akauliza.

"Ilikuwa imewashwa." Akamtazama Rubani machoni, kwa mara ya kwanza tangu siku ya ngazi. "Sijaisikia."

Kama kungekuwa na uwanja, Rubani angeuzunguka akipunga shati. Lakini kazi ilikuwa inasubiri. Akafunga mchoro. Akapunguza mwanga wa skrini, akakata mtandao, akazima zile rangi zote za kibodi alizokuwa akijivunia kwa miaka. Maikrofoni na hedifoni za Nungu zikachomekwa. Chaji ilikuwa nusu, na Rubani alijilaumu moyoni kwa kile kikomo cha themanini, siku moja tu ambapo angehitaji mia.

Kipindi kikaendelea. Joto likapanda ukumbini, watoto wakatoka jasho bila kujua. Mama Nungunungu akagombana na muuza viatu, watoto wake wakapotea, wakapatikana, baba akakoroma. Mwongozaji alikuwa ameinamia ile namba ya chaji kama anachunga maziwa jikoni. Ishirini. Kumi na tano. Feni zilikuwa zikizunguka, Rubani alizihisi kwa kidole ubavuni mwa mashine, lakini ukumbi haukujua kama zipo. Nungu akatamka sentensi ya mwisho, na mtoto mmoja akainua mikono apige makofi.

"Bado," mwongozaji akanong'ona kwa ukali. "Watoto, sasa tunarekodi kimya. Kila chumba kina kimya chake, nacho tunakihitaji kuziba mapengo kati ya maneno. Dakika moja. Asitingishike mtu."

Ukumbi ukatulia kama bwalo la shule mwalimu wa zamu anapoingia. Nungu akafumba macho, akabana hedifoni kwa viganja. Alisikia pumzi za watoto. Alisikia pua moja yenye mafua, ndege juu ya paa, kiti cha shangazi kikilalamika nyuma. Akatafuta chini ya hayo yote, akachimba kama anavyojua yeye kuchimba, na feni hakuikuta. Akafumbua macho, na yalikuwa na maji.

Rubani alikuwa amejiapiza kungoja dakika ile iishe. Aliyaona macho yale, akashindwa. Na hakunong'ona. Aliitoa sauti ile anayotumia kuagiza mbao kutoka upande wa pili wa karakana:

"Nakupenda, Nungu. Nataka nikuoe."

Watoto wakalipuka. Mwongozaji hakugeuka. "Kijana, hayo yameingia kwenye rekodi."

"Ndiyo nilivyotaka," Rubani alisema.

"Tunarudia kimya."

Wakarudia. Kimya kilikuwa kizuri sana, mpaka katikati, Nungu alipovua hedifoni, akaziweka mezani, akaisogelea maikrofoni.

"Nimekubali kuolewa na Rubani," alisema, wazi, kila herufi mahali pake, kama mtu aliyelipwa kutamka. "Na hii nimeisema mara moja tu."

"Nungunungu anaolewa?" mtoto wa mbele aliuliza, akiwa na huzuni kwa ajili ya yule baba anayekoroma.

"Tunarudia," mwongozaji alisema. "Kimya. Tafadhali. Mashine ina asilimia nne."

Kwa mara ya tatu ukumbi ukanyamaza. Rubani na Nungu walikuwa wamesimama bega kwa bega, hawatingishiki, na sekunde zikapita, nyingi, karibu zitoshe. Kisha kutoka safu ya nyuma, kwa sauti iliyofunzwa na kwaya miaka ishirini, shangazi akauliza:

"Kwa hiyo kwao tunakwenda lini?"

Mwongozaji akaiangalia chaji, akamwangalia shangazi na gauni lake jipya, akawaangalia wale wawili waliokuwa wameshikana mikono wakicheka.

"Hifadhi," alimwambia Rubani. "Kimya nitakuja kukichukua siku nyingine, nyinyi nyote mkiwa hampo."